Maganda Uliyonitumia na Vidonge Ulivyoviacha

Bwera, Kasese
Jumapili, 16 Agosti 2015

Mpendwa mdogo wangu Hamim,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya neno lolote nataka kujua umelalaje, umeamkaje, macho yanaona, miguu inakubeba? Usinijibu "sijambo" tu kama mtu anayeitikia hodi. Nakuuliza kwa kituo, na kabla hujafika mwisho wa barua hii utajua sababu. Wifi yangu Mwanakombo hajambo? Watoto wanasoma? Huku sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Mimi mwenyewe nina afya kuliko nilivyokuwa mwezi wa Ramadhani, na hilo ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe nakujua. Tukizungumza habari za mvua, mtandao ni mzuri. Nikitaja afya yako, hapo hapo mtandao unaharibika, "Dada, sikusikii, nitakupigia." Hupigi. Basi nimeona nishike kalamu, maana karatasi haina mtandao.

Habari za nyumbani kwanza. Mvua imewahi mwaka huu na mihogo imesimama vizuri. Mwanangu Nasifah amehamishiwa shule moja ya Kasese mjini, anafundisha darasa la tatu, na kila Ijumaa jioni ananiletea mzigo wa madaftari ya kusahihisha utadhani mimi ndiye niliyeajiriwa. Chumvi yangu bado naifuata Katwe kila baada ya wiki mbili. Siku za soko Wakongo wanavuka mpaka kama kawaida, wananunua chumvi, wanatuuzia mawese na maharagwe. Paa la nyumba ya Baba nimelibadilisha upande wa jikoni. Ukija utalala bila kuhamisha kitanda.

Sasa nije kwenye ule mkebe wako.

Dereva wetu wa lori, Siraje, aliufikisha salama kutoka Mombasa mwezi wa Shaabani, akaniambia umeununua kwenye duka la Wahindi, unga wa maganda ya isabgoli, dawa ya sukari. Niliufungua nikacheka. Nilitarajia dawa, nikakuta vitu vyepesi kama pumba, havina harufu wala ladha. Lakini wewe ulishanijaza maneno kwenye simu. Ulisema unakunywa vijiko vitatu kwa siku, vidonge umeviacha mwezi wa tatu sasa, na unajiona kama bwana harusi. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri sana!

Hamim, mimi nina sukari mwaka wa nne. Vidonge vile vimenichosha, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni. Nilipokusikia nikasema kumbe Mungu amemfungulia ndugu yangu mlango, na mimi nipite humo humo. Nikavitia vidonge vyangu kwenye sanduku chini ya kitanda, nikafunga kwa kufuli.

Unga wenyewe ulinishinda kuunywa. Mara ya kwanza niliukoroga kwenye glasi, jirani akapiga hodi, nikaenda kumsalimia. Niliporudi maji yamekuwa uteute, kijiko kimesimama wima. Nikamwaga. Kisha nikafikiri kwa akili ya mtu wa kwetu, nikajiambia kwamba huu ni unga, na mahali pa unga ni kwenye sufuria. Nikauchanganya na unga wa muhogo nikapika bundu. (Mweleze Mwanakombo kwamba bundu ni ugali wetu wa muhogo, ule unaovutika. Yeye alipokuja huku mara ya kwanza alikula kwa uma, hatujasahau.)

Na kwa kuwa mimi sipiki kidogo, siku ya kwanza ya Ramadhani nikapika bundu hiyo hiyo kwa futari ya watu wote. Unajua desturi ya nyumba yetu, siku ya kwanza majirani wanafuturu kwa Mariat, Mwislamu na asiye Mwislamu. Walikuja kama ishirini. Alikuwapo na rafiki yangu Consolée wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, ambaye hajawahi kukosa futari yangu hata mwaka mmoja.

Watu wakanawa, wakamega. Tonge la kwanza, la pili, la tatu, mikono ikaanza kupungua kasi. Bundu ilikuwa inateleza na kuvutika hata nikaona haya, lakini hakuna aliyesema kitu kwa adabu ya wageni. Wakashiba wote na sinia bado zimejaa. Consolée ndiye aliyefungua mdomo.

"Mama Nasifah, hii bundu ya leo iko na nini? Miye nimekula matonge tatu tu, tumbo inakatala. Mu Butembo tuko nakula bundu tangu tuko batoto, haijakuwaka hivi."

Kabla sijajibu, bibi mmoja jirani akainua mikono akasema hiyo ndiyo baraka ya mwezi mtukufu, chakula kidogo kinashibisha umati. Wote wakaitikia amina. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia amina nikanyamaza. Nililala nimejisikia kama walii.

Baraka haikudumu. Siku ya soko Consolée alinijia kwenye magunia yangu ya chumvi akiwa ameshika kiuno.

"Weye, mama Nasifah! Uliweka nini mu ile chakula? Siku tatu sijaenda mu choo. Bwana yangu njo vile vile. Batu yote ya futari beko nalia!"

Ikabidi nimwambie. Alinitazama, akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. "Dawa ya mugonjwa mumoja unapatia batu makumi mbili? Na bale balikuwa nafunga, hata maji hawakunywa muchana!" Tangu siku hiyo, kila nikimkaribisha chakula ananiuliza kwanza kama ni chakula au ni hospitali.

Ungedhani nilikoma. Sikukoma. Wageni niliwapikia bundu yao, yangu nikaipika pembeni na maganda yako. Nilifunga kila siku bila kumuuliza musawo yeyote, daktari wala muuguzi, kama mtu wa sukari kama mimi anafaa kufunga. Jioni nilikula tende saba, chai niliitia sukari vijiko vinne, nikijiambia maganda yatazuia. Niliyafanya maganda kuwa askari wa mpakani, nami nikapitisha magendo yangu yote nikiamini yeye atashughulika.

Siku ya kumi na tisa ya mfungo nilikwenda Katwe kuchukua mzigo. Kiu ilinishika tangu asubuhi, lakini nikasema kiu ni ya Ramadhani. Macho yakaanza kuona ukungu, nikasema ni jua linalopiga juu ya chumvi. Nikakanyaga bonge la chumvi lenye ncha, likanikata kidole cha mguu, na hilo ndilo lililonitisha, Hamim. Sikusikia maumivu. Mwanamke aliyekuwa akinipimia mzigo ndiye aliyeniambia, "Mama, damu." Nilitazama chini nikaona kandambili imejaa, na mimi sikuwa na habari. Nilipojaribu kuinama, miguu ikaniacha.

Walinipandisha gari mpaka kliniki. Muuguzi anaitwa Mbambu, msichana mwembamba mwenye macho makali, wa umri sawa na Nasifah. Alinitoboa kidole, akaangalia mashine, akanitobolea kidole kingine kuhakikisha. Ishirini na moja, mara tatu ya inavyotakiwa. Akaniuliza kama nameza vidonge. Nikasema niliviacha.

"Nani alikuambia uache?"

"Ndugu yangu wa Mombasa."

"Yeye ni musawo?"

"Hapana. Anatengeneza friji."

Akaniangalia, akasema, "Na wewe mama, mwili yako ni friji?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mimi mwenyewe ningecheka kama si aibu. Waliniwekea dripu ya maji, wakaniosha kidonda na chumvi yake, na swaumu yangu ikaishia pale. Mbambu alinieleza waziwazi kwamba kidonda cha mtu asiyesikia maumivu, na sukari ikiwa juu namna ile, hakiponi, na kisipopona kidole kinakatwa, na kikishakatwa kimoja vingine vinafuata.

Nilidhani atautupa mkebe wako. Nilikuwa nimemtuma Nasifah aulete, nao Mbambu akausoma pande zote. Yaliyofuata nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu ndiyo nataka uyasikie.

"Hii unga si mbaya. Mimi nasema endelea nayo. Inafanya uteute ndani ya tumbo, sukari ya chakula inaingia kwa damu polepole. Lakini hii ni taniboi tu, mama. Dereva ni dawa. Taniboi anaweka gogo chini ya tairi, anafunga turubai, anasaidia sana. Ukimupatia usukani, mutaanguka wote."

Nilimuuliza nani alimfundisha maneno ya malori. Kumbe baba yake alikuwa dereva wa njia ya Fort Portal. Tukapatana hapo hapo.

Basi sikiliza mpango wangu wa sasa. Kijiko kidogo kimoja, kabla ya chakula kikubwa. Glasi nzima ya maji, unakoroga na kunywa papo hapo, husalimii jirani wala hupokei simu, kisha glasi nyingine ya maji juu yake. Ukiinywa kavu au kwa maji kidogo inaweza kukukwama kooni, na tumboni inafunga kama ilivyowafunga wageni wangu. Vidonge mbali nayo, saa mbili kati yao, maana ukivimeza pamoja uteute unavishika na dawa haifiki kazini vizuri. Nilianza na kijiko kimoja kwa siku, wiki ya tatu Mbambu akaniruhusu viwili. Tende sasa ni moja, chai haina sukari, na bundu naila kiasi cha ngumi yangu, pamoja na mboga nyingi. Mwanzoni tumbo lilinguruma, sasa limezoea.

Na imefanya kazi! Nakwambia kwa kinywa kipana, imefanya kazi. Kila Alhamisi napima. Kidonda kimefunga, ngozi mpya imeota, jana nimevaa viatu vya kufunika nikaenda harusini na nikacheza. Mkebe wako nimeupenda, na nitakushukuru kwa ajili yake mpaka nizeeke. Ulinitumia kitu chema. Ulichokosea ni ule ushauri ulioufungasha nacho.

Zile siku zilizonipita ziliniumiza roho. Nilimwendea sheikh wetu nikiwa nimeinamisha kichwa, naye akaniambia mgonjwa ana ruhusa kwa Mola wake, na nikithibitishiwa kwamba siwezi kufunga tena, nilishe maskini kwa kila siku iliyonipita. Nimeanza kulisha. Consolée alinisaidia kupika, akasimama juu ya sufuria mwanzo hadi mwisho kuhakikisha ni muhogo mtupu.

Sasa tuje kwako, na hapa sitanii.

Juzi Siraje alirudi kutoka Mombasa. Nilimuuliza habari zako, akaanza kuzungukazunguka na maneno. Nikamwambia aseme. Akasema, "Mama Nasifah, huyo ndugu yako iko nakunywa maji sawa na injini inachemuka. Jerikeni kwa mchana moja tu! Na mguu wa kushoto anavaa ndala, wa kulia kiatu. Mimi nikamuuliza, yeye akaniambia nyamaza, usiambie watu ya Bwera."

Ameniambia. Usimlaumu, mimi ndiye niliyembana.

Hamim, kiu hiyo naijua. Ndala ya mguu mmoja naijua. Na wewe unaijua zaidi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukimvalisha Baba ndala ya namna hiyo. Baba alikuwa na mizizi yake aliyoichemsha, akasema inamtosha, akatuficha kidonda miezi minne ndani ya soksi. Tulikijua kwa harufu. Walipomkata mguu, maji yalikuwa yamezidi unga, na miezi minane baadaye tulimzika. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Tulipotoka makaburini ulikataa kula, ukasema neno moja ambalo nimelibeba miaka yote hii, kwamba hukasiriki kwa kuwa amekufa, unakasirika kwa kuwa alitudanganya. Leo wewe una watoto watatu na unawaficha kidonda chini ya ndala. Wakikua watasema nini juu yako?

Naogopa. Siandiki neno hili mara nyingi, wewe shahidi. Mimi niliyemzika Baba, Mama, na mume wangu, sikuwahi kukuandikia kwamba naogopa. Sasa naogopa, na bado najua tunaliweza jambo hili, kwa sababu mimi nilikuwa pabaya kuliko wewe wiki sita zilizopita na leo nacheza harusini. Sukari si mwisho wa mtu. Uficho ndio unaomla.

Kwa hiyo usiache maganda. Rudi kwenye vidonge. Lakini usivitoe tu kabatini ukaanza kumeza kwa kukisia, nenda kwa daktari wako kwanza, mvulie viatu vyote viwili, mwambie umeacha dawa tangu lini na unakunywa maganda kiasi gani, akupangie upya. Atakufokea kidogo. Mimi nilifokewa na binti wa umri wa mwanangu mbele ya benchi zima, na chakula cha jioni nilikila vilevile.

Barua hii nimempa Siraje, na nimemwagiza aiweke mkononi mwa Mwanakombo, si mwako. Wifi yangu, ukishaisoma, mpe naye aisome. Usimgombeze sana siku ya kwanza. Siku ya pili mgombeze utakavyo. Mmezaana na kulala kitanda kimoja miaka kumi na mitano, na nakuomba utazame mguu wake wa kushoto leo hii kabla ya kuswali Magharibi.

Nasifah anawasalimu, anauliza kama mjomba wake bado anajua kuimba. Consolée anakusalimu kwa jina la Bikira Maria, nami nimemwambia nitazifikisha salamu zake vivyo hivyo. Shangazi wa Nyakalengija anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Wabusu watoto wote watatu, na yule mdogo mwambie shangazi yake ana zawadi ya kahawa ya mlimani kwa ajili ya mama yake na karanga kwa ajili yake.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha karatasi. Ni namba zangu, nimeziandika kwa mkono wangu tangu siku ile ya Katwe: ishirini na moja, kumi na sita, kumi na mbili, kumi na moja, tisa, saba. Chini yake nimechora mstari mtupu, na mwanzoni mwa mstari nimeandika jina lako. Nenda kapimwe, ujaze namba yako hapo, umrudishie Siraje karatasi. Hata ikiwa thelathini, iandike. Sitaki iwe nzuri, nataka iwe ya kweli, nami nitaisoma nikiwa nimekaa chini.

Watoto wa baba yetu Umaru tulikuwa sita. Tumebaki wawili. Mwenyezi Mungu akuponye, akupe subira ya dawa na moyo wa kusema kweli, akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako. Amina.

Wako akupendaye, na asiyekubali kubaki peke yake,

Dada yako,
Mariat